Gari ya zamani yenye mbio inasumbua kwenye oili? Anza na dalili, uzito wa oili uje baadaye

Hii ni kwa wenye Impreza na Forester za turbo, Mark II na Chaser za 1JZ, Altezza, Evo, Honda za VTEC, na zile BMW za silinda sita za mstari. Yaani ndinga za miaka ya 90 mpaka 2005 hivi ambazo Arusha na Moshi bado zinapendwa kuliko gari mpya, si unajua huku rally iko damuni. Malalamiko ni yaleyale kila gereji, na jibu la kijiweni nalo ni lilelile, "weka ishirini hamsini", yaani oili nzito ya 20W-50. Injini inakula oili, weka 20W-50. Inagonga, 20W-50. Taa inawaka, 20W-50. Siipingi hiyo oili, ina kazi yake na nitaitaja, ila ukiiweka kabla hujajua tatizo ni nini inachofanya ni kukufichia dalili, unaendelea kukanyaga kwa amani mpaka siku konrodi (mkono unaoshika pistoni) inatoboa bloku pale Kikatiti saa mbili usiku.

Namba za kwenye kopo kwanza, haraka tu

Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi. Oili ya 20W inapimwa kama injini itazunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 10W nyuzi 25 chini, 5W nyuzi 30 chini. Sasa Arusha Julai alfajiri inacheza kwenye nyuzi kumi na kitu, wakati mwingine chini kidogo, kwa hiyo hata 20W itawaka bila shida, lakini kuwaka ni jambo moja na oili kufika juu kwenye kamshafti na kwenye turbo ni jambo lingine, na hapo 5W na 10W zinawahi.

Namba ya pili ndio inasema oili ikoje ikiwa moto, kwenye nyuzi 100. Ya 30 iko kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 9.3 na 12.5, ya 40 ni 12.5 mpaka 16.3, ya 50 ni 16.3 mpaka 21.9. Kwa hiyo anayekwambia 5W-40 "ni maji" ukilinganisha na 15W-40 anakupotosha, zikishapata moto zote ziko kundi moja. Kuna namba nyingine haiandikwi mbele ya kopo ila iko kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inaitwa HTHS, inapima oili inavyojihimili ikiwa na joto kali huku inasagwa kwenye beringi. Ya 30 inaanzia 2.9, 5W-40 na 10W-40 zinaanzia 3.5, ya 50 ni 3.7. Kwa turbo ya zamani mimi napenda 3.5 kwenda juu na ndio maana ukiniuliza bila maelezo yoyote nitakwambia 5W-40 au 10W-40.

Halafu herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili. S ni petroli, C ni dizeli. Herufi ya pili ikienda mbele ndio oili mpya zaidi, SL ni ya 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kwenye maduka yetu bado utakutana na kopo la SF, bei yake tamu kweli, ila SF ilitengenezwa kwa injini za miaka ya 80, usiipeleke kwenye turbo. Chini ya SL usinunue. Na ile habari ya zinki kupunguzwa kwenye oili mpya kwamba inaua kamshafti, hiyo inawahusu zaidi wenye V8 za zamani za Marekani zenye tapeti bapa na springi ngumu, tena ile kikomo cha fosforasi kinabana zaidi oili za 30 kushuka chini, 40 na 50 ziko huru kidogo. Mwenye EJ20 (injini ya Subaru, familia ya EJ) au 1JZ ya Toyota lala usingizi.

"Inakula oili ila chini hakuna hata tone"

Hii ndio inaongoza. Kwanza hakikisha kweli inakula, maana kesi nyingi ni kupima vibaya. Gari iwe tambarare, na huku tambarare ni mtihani, ukipima umepaki kwenye mteremko wa Ilboru au Kibosho kijiti cha kupimia oili kitakudanganya mchana kweupe. Injini ipate moto, zima, subiri dakika tano mpaka kumi ishuke yote. Subaru ndio kiboko: unachomoa kijiti, upande mmoja oili imepita F (imejaa), ugeuze upande wa pili iko karibu na L (chini), kwa sababu kijiti kinajipaka kwenye bomba lake wakati kinatoka. Amini upande unaosoma chini. Ukitaka uhakika pima asubuhi kabla hujawasha. Kati ya L na F kwenye EJ ni kama lita moja, kwa hiyo kijiti kikiwa katikati usimwage lita nzima.

Vitabu vingi vya watengenezaji vinakubali mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000, jambo ambalo mimi naliona ni kujikinga tu. Ikipita lita moja kwa kilomita 2,000 anza kutafuta, kwa mpangilio huu.

Valvu ya PCV, ile inayotoa gesi chafu ndani ya injini na kuirudisha kwenye intake. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinasahaulika. Ichomoe uitikise, ikinyamaza imekufa. Angalia na mipira yake kama imepasuka au imelainika. Kwenye turbo ikikwama wazi, boost (upepo wa turbo) inaingia ndani ya injini na kuisukuma oili itoke kwa njia ya hewa, inarudi kwenye intake, inachomwa, wewe unalia ringi.

Oili yenyewe. Kama umeweka 5W-30 kwenye injini yenye kilomita laki mbili na kanyaga yako ni ile ya kushindana na magari ya watalii barabara ya Moshi, hapo kupanda kwenda 5W-40 ni halali kabisa, panda daraja moja tu halafu pima tena kilomita elfu moja mbele. Usiruke kutoka 30 kwenda 50 siku moja, hutajua nini kimesaidia.

Sili za vali. Moshi wa bluu unatoka ukiwasha asubuhi halafu unaisha, au unashuka kutoka Marangu kwenda Himo umetoa mguu kwenye resi gari ikiwa kwenye gia, ukifika chini ukakanyaga linatoka wingu. Sili zinakauka na umri hata kama gari ilitembea kidogo. Zinabadilishika bila kushusha injini kwenye gari nyingi ila ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Halafu wenye boksa, yaani injini za Subaru, msiogope kila moshi, silinda zimelala, ukipaki gari imeinama upande mmoja oili kidogo inakaa kwenye pistoni na asubuhi itafuka sekunde chache ikakata, hiyo ni tabia yake tu.

Turbo. Fungua bomba la kwenda intercooler (kipoza upepo wa turbo), oili ya kulowesha kidole ni kawaida, ikimwagika sio kawaida. Shika shafti ya turbo ikiwa imepoa kabisa, kucheza kidogo kwa pembeni sawa, ikicheza mbele nyuma au mapanga yakigusa nyumba yake turbo imekwisha. Lakini kabla hujanunua turbo ya mtumba kagua bomba la kurudishia oili, likiziba au likibonyea hata turbo mpya itavujisha kwa sababu oili haina pa kwenda.

Ringi ndio za mwisho, moshi wa bluu unatoka ukiwa umekanyaga na kupanda mlima. Na kwetu huku adui wa ringi namba moja ni vumbi. Mtu anafunga ile filta ya hewa ya wazi ya kupendezesha, anaendesha nayo barabara za Simanjiro na Ngarenanyuki kiangazi, ile mchanga laini inakwangua silinda kama msasa halafu anauliza oili gani inafaa. Hakuna oili inayofaa. Pima compression (mgandamizo wa kila silinda). Toyota kwenye vitabu vyao hutaka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Ule ujanja wa kumimina kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena unafanya kazi kwa injini zilizosimama, kwa boksa oili inakaa upande wa chini tu kwa hiyo majibu hayaaminiki, tafuta fundi mwenye kipimo cha kuvuja kwa upepo.

Mahali pa kusimama: ikila lita nzima ndani ya kilomita 500, acha kujaza na kuendelea na safari zako. Oili inayoingia kwenye chumba cha moto inashusha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, mchanganyiko unaanza kulipuka ovyo na kupiga vichwa vya pistoni, na pistoni ya EJ haina huruma. Peleka gari ikafunguliwe.

"Taa ya oili inapepesa ikiwa silensa (inazunguka bila kukanyagwa), ukikanyaga inazima"

Hapa tuongee kwa sauti ya ukali kidogo. Taa ya oili haiwaki presha ikianza kupungua, inawaka presha ikiwa karibu na sifuri. Ikiwaka wakati unatembea, weka pembeni ZIMA. Hakuna "nifike tu Usa River". Hakuna "nimalizie mlima huu". Beringi za konrodi zinakufa kwa muda mfupi kuliko unaotumia kutafuta namba ya fundi kwenye simu.

Gari ikiwa imezimwa, pima oili. Ni jambo la kijinga kusema ila sababu ya kwanza ni oili kupungua. Kama iko chini jaza, washa, taa ikizima ndani ya sekunde chache angalia imeenda wapi.

Kama oili iko sawa, swichi. Kwenye EJ inakaa chini ya alternata, inavujisha, oili inapanda kwenye soketi ya waya na taa inaanza ujinga. Ni rahisi kuitoa hatiani, chomoa swichi funga geji ya presha ya mkono. Zingatia nyuzi za nati: gari za Kijapani nyingi ni 1/8 BSPT, geji nyingi za madukani zinakuja na 1/8 NPT, zinafanana kwa macho na zitaingia ukilazimisha, halafu zinapasua alumini. Omba adapta.

Sasa soma geji injini ikiwa moto kweli, sio ya dakika mbili. Toyota kwa baadhi ya injini zao za enzi hizo wanataka kuanzia kPa 29 ikiwa silensa, na kPa 294 mpaka 539 kwenye mzunguko wa 3,000. Wapenzi wa mbio wanatumia kanuni ya psi 10 kwa kila mzunguko elfu moja, ni kanuni ya mtaani lakini haiko mbali na ukweli.

Presha nzuri ikiwa baridi, mbovu ikiwa moto? Kwanza nusa oili, ikinuka petroli imechujuka na petroli, nenda kwenye dalili ya "Oili inapanda" huko chini. Haina harufu, basi mwaga weka oili mpya ya 40 unayoiamini na filta sahihi, pima tena.

Presha ni mbovu muda wote: chujio la kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) limeziba, na mara nyingi kilichoziba ni ile gasketi maka ya mafundi wetu iliyopakwa kwa ukarimu, inakatika vipande na kuelea. Au valvu ya kupunguza presha imekwama wazi. Kwenye EJ kuna mawili ya ziada, bomba la kunyonya oili linapasuka kwenye kiungo chake likawa linavuta hewa, na skrubu za kava la nyuma la pampu zinalegea zenyewe. Yote hayo ni kushusha sampu au kufungua mbele, sio kazi ya barazani.

Na beringi. Njia nzuri ya kuzijua bila kufungua injini ni filta uliyoitoa. Ikate kwa msumeno wa chuma, chomoa ile karatasi, ikamue oili, itandaze juani juu ya gazeti na utembeze tochi ya simu kwa pembeni. Vumbi jeusi ni kaboni, haina neno. Ukiona vimetameta vya rangi ya shaba au fedha ambavyo sumaku haivivuti, hizo mara nyingi ni beringi zako unazitazama. Vikinaswa na sumaku ni chuma, na kama si vumbi la msumeno wako basi kuna kitu kingine kinasagika. Kazi yenyewe ni ya robo saa na msumeno unao, sijui kwa nini watu hawaifanyi.

Hapa ndio mahali pa 20W-50. Kitabu cha Subaru cha miaka ya 2000 kinaitaja, kwa maeneo ya joto la jangwani au kazi nzito kama kuvuta trela, pamoja na 10W-50 na 20W-40. Kwa hiyo mtu wa Moshi mwenye turbo yenye umri, anayeenda Same na kurudi mchana wa Februari, 10W-50 au 20W-50 nzuri ni chaguo la maana. Lakini ukiiweka kwa sababu geji iko chini na filta inameta, presha itapanda kwenye geji na uharibifu utaendelea palepale, kwa sababu presha kubwa haina maana oili nyingi inapita. Vimetameta kwenye filta: gari ivutwe, isiendeshwe.

"Asubuhi inapiga tik tik tik"

Sekunde mbili tatu kisha kimya, oili ilishuka usiku. Badilisha filta kabla ya oili. Filta za bei poa nyingi ile raba ya ndani inayozuia oili kurudi ni ngumu kama plastiki. Halafu kwa Subaru kuna suala la valvu ya dharura iliyo ndani ya filta: pampu ya EJ inasukuma oili nyingi, filta yake hufunguka kwenye presha ya juu, psi 23 hivi. Filta ya gari nyingine yenye nati ileile ya M20 itaingia vizuri tu na mangi wa duka la spea atakwambia ndio hiyohiyo, ila inafunguka mapema na oili inapita bila kuchujwa.

Inapiga kwa dakika kadhaa mpaka ipate moto: tapeti za haidroliki, 4G63 ya Evo inajulikana kwa hilo na EJ za kwanza kwanza. Hapa oili nzito inazidisha ugonjwa, shuka kwenda 5W-40 au 10W-40 safi, endesha, badilisha mapema tena, nyingi zinanyamaza. Injini zenye tapeti za shimu zinataka kupimwa nafasi, oili haisaidii. Usimimine mafuta ya taa "kusafisha", tafadhali, hata kama fundi ni mjomba wako. Yanabaki kwenye mifereji na kuchujua oili mpya uliyolipia.

Mlio ukiwa mzito, wa chini, tok tok tok unaoongezeka ukiipa resi na kupungua ukichomoa waya wa plagi moja, huo sio tik tik. Ni konrodi. Zima, usiwashe hata kumwonyesha fundi.

"Nguvu imepotea juu, VTEC haiingii, taa ya injini imewaka na oili ni mpya"

Mifumo ya kubadilisha ufungukaji wa vali, yaani VVT-i ya Toyota, AVCS ya Subaru na VTEC ya Honda, inafanya kazi kwa presha ya oili, kwa hiyo inalalamika mapema kabla ya beringi. Angalia oili haijapungua, VTEC inakataa kuingia kwa hilo tu. Kisha solenoidi (valvu yake ya umeme) na chujio lake dogo la wavu, toa, safisha, weka gasketi mpya. Toyota za umri huu zikikupa namba ya hitilafu P1349 mara nyingi ni huko. Baadhi ya Subaru zenye AVCS zina wavu mdogo ndani ya nati ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, wavu huo ukiziba, turbo inakaukiwa na kufa huku oili ya kijiti ikiwa imejaa, kwa hiyo ukibadilisha turbo bila kuukagua unanunua turbo nyingine baada ya muda. Kama ulihamia 20W-50 juzi na shida imeanza juzi, na asubuhi ya baridi ndio mbaya zaidi, rudi 5W-40 kwanza. Hiyo ni nafuu kuliko solenoidi.

"Chini ya kifuniko kuna rangi ya chai ya maziwa"

Kifunikoni tu, kijiti kikiwa safi, na wewe unakaa Njiro na ofisi iko Clock Tower na ni mwezi wa sita: huo ni unyevu. Injini haipati moto wa kutosha kuukausha. Ipeleke mpaka KIA na kurudi, futa kifuniko, angalia wiki ijayo.

Kijiti nacho kikiwa hivyo, maji ya rejeta yameingia, gasketi ya silinda hedi au kifaa cha kupoza oili kile kinachokaa juu ya filta kwenye turbo nyingi. Usiwashe. Maji kwenye beringi hayana dawa ya kopo.

"Nimeweka sintetiki ikaanza kuvuja"

Sintetiki za sasa haziharibu sili. Zinasafisha uchafu uliokuwa umeziba ufa wa sili iliyokufa zamani. Anza na gasketi za kava za tapeti, kwenye boksa zinavuja zikadondokea ekzosi na unasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa, halafu sili ya mbele ya krankshafti na ya nyuma. Kama hutaki kufungua sasa hivi, semi-sintetiki ya 10W-40 inatosha kabisa, hakuna dhambi. Kama oili inadondokea ekzosi na kuona moshi kwenye boneti, hiyo iwahishe, inaweza kuwaka moto.

"Oili inapanda badala ya kushuka"

Inanuka petroli. Injekta inayovuja, plagi isiyochoma, au gari iliyochezewa kompyuta ikawa inamwaga petroli nyingi. Mwaga oili, usikae nayo, ila ukimwaga bila kutibu chanzo utarudi hapa. Hii ni ya fundi umeme mwenye mashine ya kusoma.

"Imekuwa nyeusi na nyepesi ndani ya wiki"

Nyeusi peke yake sio kosa, oili nzuri inabeba uchafu. Nyepesi kama maji bila harufu ya petroli, hapo shuku oili feki. Nunua kwenye vituo vya mafuta au kwa wakala anayekupa risiti, linganisha namba ya toleo ya kwenye kopo na ile ya kwenye boksi, angalia pete ya kifuniko kama imekatwa na kubandikwa. Ukikuta feki, FCC (Tume ya Ushindani) na TBS (Shirika la Viwango) ndio wenye kazi hiyo. Na kopo lako tupu lipasue kabla ya kulitupa, maana kuna watu wanayanunua makopo safi na sio kwa ajili ya kuchotea maji. Turbo, usipitishe kilomita 5,000 hata oili iwe ya bei gani. Na M3 ya E46, ile yenye S54, mtengenezaji aliiandikia 10W-60, hiyo usijadiliane na mtu.

"Nimetoka kumwaga oili, sasa gia hazishiki na ekzosi inafuka"

Subaru ya otomatiki, sivyo? Chini kuna nati zaidi ya moja na fundi mgeni anafungua ya gia akidhani ni ya injini, anamwaga ATF (oili ya gia za otomatiki), kisha anajaza injini ambayo bado ina oili yake. Matokeo gia kavu na injini imejaa karibu mara mbili, krankshafti inaipiga oili mpaka povu, tapeti zinalia, na ziada inatokea kwenye njia ya hewa. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi, ATF ni nyekundu au kahawia, kwa hiyo ukiwa umesimama pale angalia kinachodondoka kwenye beseni. Ikishatokea usijaribu hata kuirudisha nyumbani, mwaga injini mpaka kijiti kisome F, jaza ATF aina iliyo kwenye kitabu, pima gia ikiwa moto na injini inawaka. Kama ilishatembea kilomita kadhaa gia zikiwa kavu, iende kwa fundi wa gia kabla hujaijaribu tena barabarani.